Glovu zisizo na vidole: tufume wenyewe kwa spoku nne, na tujue wakati wa kuzivua

Leo naomba tuiache kidogo mbolea na mbegu, tushike uzi. Najua kuna atakayesema bwana shamba kaishiwa masomo. Subirini kidogo, mtaona linavyoingia shambani. Na nawaomba kitu kimoja kabla sijaanza: chini kuna sehemu inayohusu dawa za kupulizia. Hata kama kufuma hakukuhusu, hiyo usiiruke.

Anayeishi Mamboya anazijua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba. Ukungu umeshuka kutoka milima ya Ukaguru, umande umelala kwenye majani ya kabichi, na mwenye gari amesema saa moja kamili anapita kuelekea Dumila, ukichelewa shauri yako. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri uko shambani. Baada ya nusu saa vidole havina habari na wewe. Nyanya unaibana bila kujua umeibana, inafika sokoni na alama ya kidole. Kisu cha kukatia kabichi kinateleza. Mimi mwenyewe nina kovu kwenye kidole gumba cha kushoto kwa sababu hiyo hiyo.

Nilijaribu glovu nzima, zile za mitumba. Joto nilipata, lakini huwezi kung'oa vichipukizi vya nyanya nazo, huwezi kuhesabu hela, simu haikuitikii. Ukizivua kila dakika, moja inabaki tutani. Jibu nililikuta kwa bibi mmoja jirani, amekaa barazani anachambua maharage, mikononi kavaa mirija ya uzi kuanzia juu ya kifundo cha mkono hadi kwenye mafundo ya vidole. Kiganja kimefunikwa, vidole viko nje. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza amenunua wapi. Akacheka. "Mjukuu wangu, hivi vinanunuliwa? Kaa hapa nikuonyeshe."

Alijifunza ujanani, kwenye madarasa ya akina mama kanisani. Mimi nina stashahada ya kilimo na sikuwahi kufundishwa hata kushika sindano. Wiki ya kwanza vijana wa kijiweni walinipa jina: "Bwana shamba, bado kusuka nywele tu." Wiki ya tatu wawili kati yao walikuja kuuliza spoku napata wapi.

Vifaa

Unahitaji sindano nne zenye ncha pande zote mbili, na uzi. Sindano za dukani zipo mijini, lakini huku kwetu tunatumia spoku. Nenda kwa fundi pikipiki, muombe spoku zilizotolewa kwenye ringi zilizopinda. Za pikipiki ni bora kuliko za baiskeli kwa mtu anayeanza, kwa sababu ni nene. Spoku ya baiskeli ina unene wa karibu milimita 2 tu, kitambaa kinakuwa kigumu na kazi haiishi. Kata kichwa kilichopinda na sehemu yenye nyuzi za skrubu, zote nne ziwe na urefu sawa, sentimita 15 mpaka 20. Ncha zichonge kwa tupa, ziwe za mviringo kama ncha ya penseli iliyotumika, zisichome. Halafu piga msasa na uoshe kwa sabuni, kwa sababu kutu na grisi vinaingia kwenye uzi na havitoki.

Mwanzi mkavu nao unafaa. Pasua, chonga hadi unene wa milimita 4 hivi, piga msasa laini, paka nta ya mshumaa. Sindano ya mwanzi haitelezi sana, kwa hiyo vitanzi havikukimbii.

Uzi wa sweta unaouzwa madukani mwetu mara nyingi ni akriliki, yaani uzi wa kiwandani, si manyoya ya kondoo. Kondoo wetu wa kienyeji wana nywele fupi, hawatoi sufu ya kusokota. Kondoo wa sufu utawakuta Kenya, nyanda za juu. Akriliki ni bei nafuu, inafulika na inakauka haraka. Ubaya wake mmoja mkubwa: ikikutana na moto inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Usiinjike wala kuepua sufuria ukiwa umezivaa. Uzi wa pamba usiuchukue kwa kazi hii, umande ukiingia unakaa na ubaridi wake asubuhi nzima. Chagua uzi wa unene wa kati, rangi ya wazi ili uone vitanzi vyako. Mweusi mwachie aliyekwisha zoea.

Fuma kipande cha majaribio kwanza

Hapa ndipo vijana wengi wanaruka, halafu wanapata glovu ya kumtosha mtoto wa darasa la pili. Tunapotaka kujua mavuno hatuhesabu mahindi ya ekari nzima, tunapima eneo dogo na kuhesabu humo. Kufuma ni vile vile. Chukua sindano mbili, anzisha vitanzi 26, fuma kipande cha kwenda na kurudi mpaka kiwe mraba. Kilaze mezani bila kukivuta, weka rula katikati, hesabu ni vitanzi vingapi vinaingia kwenye sentimita 10.

Kipande hicho kitumie pia kujifunza aina mbili za vitanzi, maana hakuna ya tatu kwenye glovu hii. Ya kwanza naiita wazi: uzi uko nyuma ya kazi, sindano inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, unazungusha uzi, unautoa mbele, kitanzi cha zamani unakidondosha. Ya pili ni kinyume: uzi uko mbele, sindano inaingia kutoka nyuma kuja mbele, unazungusha, unausukuma uzi nyuma, unadondosha. Mstari wa kwenda fuma wazi, wa kurudi fuma kinyume, na kitambaa kitakuwa laini upande mmoja na chenye matuta upande wa pili.

Sasa hesabu. Pima mzunguko wa kiganja chako kwenye mafundo ya vidole, bila kidole gumba. Tuseme sentimita 20, na kipande chako kimetoa vitanzi 20 kwa sentimita 10. Hiyo ni vitanzi 40. Kitambaa cha kufuma kinavutika, kwa hiyo punguza sehemu moja ya kumi ili glovu ishike mkono: 36. Namba ya mwisho lazima igawanyike kwa 4, kwa sababu ya pindo. Kama haigawanyiki, shuka hadi inayogawanyika. Mkono mdogo unaweza kuangukia 32, mkono wa mbeba magunia 40. Mimi nitaendelea na 36.

Kufuma kwa kuzunguka

Kwa nini tuzunguke, tusifume kitambaa bapa tukakishona? Kwanza mshono. Glovu iliyoshonwa ina mstari mgumu, na mpini wa jembe ukiusugua huo mstari kwa saa mbili unapata malengelenge. Pili, ukizunguka unaona upande wa mbele tu muda wote, kwa hiyo sehemu laini unafuma wazi tu, mzunguko baada ya mzunguko, kinyume hakuna. Watu wanaogopa sindano nne, lakini ukweli ni kwamba unafanya kazi na mbili tu kila wakati. Nyingine zinashikilia.

Anzisha vitanzi 36 kwenye sindano moja, vilegee kidogo. Vigawe kwenye sindano tatu, 12 kila moja, zikae umbo la pembetatu. Sasa simama. Kagua kwamba ukingo wa chini wa vitanzi vyote umetazama ndani ya pembetatu na haujajisokota juu ya sindano hata mara moja. Ni kama mpira wa kumwagilia uliojikunja: ukishaunga hivyo hutaunyoosha tena, utafumua yote. Mimi nilifumua mara mbili, bibi akiniangalia kimya tu.

Ukiridhika, chukua sindano ya nne, ingiza kwenye kitanzi cha kwanza kabisa, na ukifume kwa uzi unaotoka kwenye kitanzi cha mwisho. Duara limefungwa. Weka alama hapo, kipande cha uzi wa rangi nyingine, ujue mzunguko unaanzia wapi. Ukimaliza vitanzi vya sindano moja, hiyo sindano inabaki tupu, nayo inakuwa ya kufumia zinazofuata.

Anza na pindo la kuvutika, lile la kwenye mkono wa sweta: wazi viwili, kinyume viwili, wazi viwili, kinyume viwili, mpaka mwisho wa mzunguko. Mzunguko unaofuata vivyo hivyo, wazi juu ya wazi, kinyume juu ya kinyume. Unapobadilisha, pitisha uzi katikati ya sindano, mbele au nyuma, usiupitishe juu ya sindano. Ukiupitisha juu umezaa kitanzi ambacho hukukusudia. Ndiyo maana nasema kila mizunguko mitatu hesabu tena. Wawe 36. Wakiwa 38, rudi nyuma utafute.

Kosa lingine ni uwazi unaojitokeza kama ngazi pale sindano moja inapokutana na nyingine. Kitanzi cha kwanza cha kila sindano kikaze vizuri, ngazi inapotea.

Pindo likifika sentimita 6, acha kinyume, fuma wazi tu kwa sentimita 5 nyingine. Hapo umefika chini ya kidole gumba.

Tundu la kidole gumba

Ziko njia za kuongeza vitanzi ili kidole gumba kipate chumba chake. Ni nzuri, tutazifika siku nyingine. Njia ya mwanzo ni hii: kwa muda acha kuzunguka.

Ukifika kwenye alama, usiendelee na mzunguko. Geuza kazi, upande wa ndani ukutazame, fuma kinyume vitanzi vyote mpaka urudi kwenye alama kutoka upande wa pili. Geuza tena, fuma wazi mpaka kwenye alama. Endelea hivyo, kwenda na kurudi, na pale kwenye alama pataanza kufunguka mpasuko. Ukifika sentimita 5, malizia na mstari wa wazi, upande wa mbele ukikutazama. Safari hii usigeuze. Ingia moja kwa moja kwenye kitanzi cha kwanza upande wa pili wa mpasuko, kaza uzi, fuma. Duara limeungana tena na tundu limebaki chini yake. Ndiyo hivyo tu, kweli.

Fuma mizunguko michache ya wazi, halafu sentimita 3 za pindo la kuvutika, kisha funga: fuma vitanzi viwili, kile cha kwanza kipitishe juu ya cha pili na ukidondoshe, fuma kingine, pitisha tena, mpaka kibaki kimoja. Funga kwa kulegea. Kabla hujakata uzi, vaa. Kama vidole vinapita kwa shida, fumua ule ukingo tu na ufunge upya. Ncha za uzi zifiche kwa ndani ukitumia shazia, ile sindano ya gunia, na pale pembe za juu na chini za mpasuko piga mshono mmoja wa ziada maana ndipo panapochanika kwanza.

Kwa kuwa tundu liko kwenye alama, glovu hii haina kulia wala kushoto. Fuma ya pili sawasawa na ya kwanza, hesabu mizunguko ili zilingane. Jozi yangu ya kwanza ilinichukua karibu wiki nzima ya jioni. Sasa ni jioni mbili au tatu.

Sehemu niliyosema usiiruke

Mwaka jana mwezi wa saba niliwaonyesha vijana wa kikundi kimoja hizi glovu. Nilikuwa nazipigia debe kwelikweli: mikono haifi ganzi, shughulini unazo, sokoni unazo, vaeni glovu vijana. Hiyo ndiyo sentensi niliyosema, vaeni glovu. Sikuongeza neno.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja wa kikundi kile alikuwa anapulizia nyanya dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti. Bomba lake la mgongoni lilikuwa linavuja kwenye kishikio. Tone, tone, tone, kwenye glovu ya uzi, kwa muda wa zaidi ya saa mbili. Dawa ikitua kwenye ngozi tupu walau unaiona, unaweza kunawa. Uzi unaifyonza na kuishikilia kwenye kiganja chenye joto na jasho, na sumu za kundi hili zinapita kwenye ngozi. Jioni kichwa kikamgonga, jasho likamtoka bila kazi, mate yakamjaa, akaanza kutapika na kusema haoni vizuri. Walimpakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya. Muuguzi akauliza ni dawa gani. Hakuna aliyebeba chupa.

Alipona, Mungu mkubwa. Nilipokwenda kumtazama hakunilaumu kwa ukali, alisema tu, "Lakini bwana shamba, wewe ndiye ulituambia tuvae glovu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo sasa nasema yote. Glovu za uzi, za kitambaa na za ngozi ya ng'ombe hazigusi dawa ya shambani: si kupima, si kuchanganya, si kupulizia, wala kuosha bomba. Kwa dawa tunavaa glovu za mpira wa naitraili, ndefu kupita kifundo cha mkono, zisizo na kitambaa ndani. Ukipulizia mimea ya chini, mkono wa shati uwe juu ya glovu ili dawa isitiririkie ndani. Ukipulizia juu ya kichwa, kama miembe, glovu iwe juu ya shati. Zioshe kwa sabuni zikiwa bado mkononi, ndipo uzivue. Glovu ya uzi iliyolowa dawa usiihurumie. Haifuliki ikaisha, na ukiichanganya na nguo za watoto umewapelekea. Ifunge kwenye mfuko wake, usiichome, itupe pamoja na makopo matupu ya dawa.

Na mtu akipata dalili kama zile baada ya kupulizia: mtoe shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mpeleke haraka, na mbebe chupa au kibandiko cha dawa. Habari ya kumnywesha maziwa iacheni. Maziwa hayaondoi sumu, na anayetapika huku fahamu zinapungua anaweza kupaliwa.

Mashine nazo. Mashine ya kupukuchua mahindi, ya kusaga, mkanda wa pampu: vua. Uzi ukinaswa unavuta mkono wote, haukatiki kirahisi kama unavyodhani.

Na kwa wakulima wa nyanya, virusi vya batobato vinasafiri na utomvu uliobaki mikononi na kwenye nguo. Ukishika mmea mgonjwa, glovu hizo hizo usiende nazo kwenye kitalu kizima. Uwe na jozi mbili, zifue kwa sabuni kila siku ya kazi.

Je, ni biashara?

Wengi mtauliza hili, nalijibu kwa hesabu ya mfano, bei weka za kwako. Tuseme donge la gramu 100 ni shilingi 4,000 na jozi moja inakula nusu yake. Uzi ni 2,000. Ukiuza jozi 6,000 unabaki na 4,000, na kama ulitumia saa tano, saa moja ya kazi yako imelipwa 800. Linganisha na kibarua cha siku huko uliko. Na mitumba iko gulioni, mteja atakuambia kule kuna glovu nzima kwa bei ya chini.

Kwa hiyo usiache shamba uende kufuma. Inalipa kwenye saa ambazo tayari zimepotea: unalinda mahindi yasiliwe na nyani, unasubiri zamu ya maji, umekaa Dumila unasubiri mnunuzi ambaye amesema "nipo njiani" tangu asubuhi. Wateja wazuri niliowaona ni waendesha bodaboda na akina mama wa sokoni wanaopanga bidhaa alfajiri, nao wanalipa vizuri kuanzia mwezi wa tano mwishoni, kabla baridi haijakolea. Ukianza kufuma mwezi wa saba umechelewa, kama vile kupanda baada ya mvua kukata. Anza mwezi wa tatu.

Yule kijana anaendelea kufuma, na ana mkono mwepesi kunizidi. Zake anazifunga kwa uzi mwekundu kwenye pindo. Kwenye mlango wa stoo yake amepigilia misumari miwili: mmoja una glovu za mpira, mwingine ni mtupu. Bomba halitoki stoo mpaka zile za pindo jekundu ziwe zimening'inia kwenye huo mtupu.